Mtoto Ameanza Shule, Maradhi Yameanza Naye

Kila mwaka, shule zifunguliwapo mwezi wa Septemba, hapa Kamina twawaona akina mama wakiwashika mikono watoto wao wa miaka mitatu au minne na kuwaleta katika madarasa ya chekechea. Mtoto amevaa sare mpya, kikombe chake mkononi, na machozi kidogo machoni. Juma la kwanza lapita vema, na la pili vivyo hivyo. Katika juma la tatu pua zaanza kutiririka. Oktoba ifikapo, mwalimu aitapo majina, nusu ya benchi haina watu. Mmoja ana kikohozi, wa pili anaharisha, wa tatu macho yamekuwa mekundu, wa nne ana homa.

Mwaka mmoja, katika mwezi huo wa Oktoba, alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu. Mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa miaka mitatu, alikuwa ameugua mara tatu katika majuma sita. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Baba mwalimu," akasema, "nimekuja kumchukua mtoto. Kabla hajaja hapa alikuwa mzima. Tangu aje hapa, juma halipiti bila dawa. Karo nalipa, na dawa nanunua. Fedha za vyote viwili sina. Tena jirani zangu waniambia kuna mtu anayemtazama mtoto wangu kwa jicho baya."

Nilimjibu kwa haraka, maana kengele ilikuwa imelia: "Mama, hayo ni mafua ya shule tu. Yatapita." Hakuridhika. Akamchukua mtoto wake, wakaenda zao.

Jibu langu lilikuwa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli yaweza kuua mtu. Wazazi wapenzi, leo nataka kuwapa nusu zote mbili.

DARASA NI KAMA STESHENI

Sisi watu wa Kamina twajua vizuri stesheni ni kitu gani. Tangu mwaka 1928 reli itokayo Lubumbashi kwa njia ya Bukama yapita hapa kuelekea Kananga na Ilebo. Na tangu mwaka 1956 njia nyingine yatoka hapa kwenda Kabalo na kuungana na ile ya Kalemie. Abiria wa pande zote hushuka hapa pamoja na mizigo yao. Mtu akipanda gari la moshi akiwa na mafua kule Bukama, mafua yake nayo hushuka Kamina bila kukata tikiti.

Basi, darasa la watoto wadogo ni stesheni ya nyumba thelathini. Kila mtoto aja na vijidudu vya nyumbani kwao: vya kaka yake aliyetoka safari, vya shangazi aliyekuja kutazama wagonjwa, vya mtoto mchanga aliye mgongoni mwa mama. Kwa kuwa watoto hao bado wadogo, hawajui kufunika kinywa wanapokohoa. Hushikana mikono, hubadilishana vikombe, hutia kinywani kalamu iliyokuwa kinywani mwa mwenzao. Kijidudu kilichoingia Jumatatu na mtoto mmoja, Ijumaa kimekwisha kurudi na watoto kumi katika nyumba kumi.

Vijidudu viletavyo mafua peke yake vyapita aina 200. Mtoto aliyelelewa nyumbani amekutana na vichache tu. Mwili wake una askari, lakini askari hao ni kama vijana wapya jeshini: hawana budi kumwona adui kwanza ndipo wamjue. Wakiisha kumshinda humkumbuka, na akirudi humkamata upesi. Lakini adui wa aina ya pili ni mgeni kabisa, na kazi yaanza upya. Ndiyo sababu mtoto apona leo, na baada ya siku kumi augua tena. Maradhi ya kwanza hayajarudi; ni mengine, yanayofanana nayo kwa sura.

Waganga wasema kwamba mtoto mdogo mwenye afya njema hupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na yule aliye katika mwaka wake wa kwanza wa kukaa pamoja na wenzake wengi aweza kufikia mara 10 au 12. Hebu tufanye hesabu kama darasani. Mafua mara 8, kila mara siku 10 mpaka kikohozi kiishe: ni siku 80. Ukizipanga siku hizo katika miezi ya shule, si ajabu mama akasema kwamba mtoto wake haponi kamwe. Kumbe apona, tena amepona mara nane!

JE, AFADHALI AKAE NYUMBANI?

Wengi hufikiri hivyo. Lakini katika mji wa Tucson, nchini Marekani, wataalamu waliwafuata watoto karibu 1,000 tangu kuzaliwa kwao kwa miaka mingi, na habari zao zilitangazwa mwaka 2002. Waliona kwamba watoto waliolelewa katika makundi makubwa walipata mafua mengi zaidi walipokuwa na miaka miwili. Lakini walipokuwa na umri wa shule ya msingi, wao ndio waliopata mafua machache kuliko wenzao waliokaa nyumbani. Ilipofika miaka 13, hapakuwa na tofauti tena. Wataalamu wa Quebec, huko Kanada, nao waliona jambo la namna hiyo hiyo, wakalitangaza mwaka 2010. Yaani deni hili hulipwa na kila mtoto, mmoja mapema, mwingine baadaye. Ukimficha mtoto nyumbani leo, huenda akalilipa atakapoanza darasa la kwanza, wakati wa kujifunza kusoma na kuhesabu.

Na lile jicho baya? Ndugu msomaji, tutumie akili. Mchawi gani aloga nusu ya darasa kila Oktoba, hapa Kamina, na Lubumbashi, na hata Paris? Jambo lionekanalo mahali pote, kwa watoto wa kila kabila na kila rangi, mara tu wanapokusanywa chumbani, chanzo chake ni chumba na mkusanyiko, wala si jirani. Ni aibu kubwa bibi mzee au mtoto yatima kufukuzwa mtaani kwa ajili ya kamasi za watoto.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya ukweli. Yule mama angeisikia kwa utulivu, pengine angalimwacha mtoto shuleni. Sasa tusikie yaliyompata baadaye.

ADUI ASIYETOKA SHULENI

Mtoto alikaa nyumbani. Mvua za Novemba zikanyesha. Usiku mmoja mwili wake ukawa moto. Mama akakumbuka neno langu, "mafua ya shule, yatapita," akasema moyoni kwamba hayo ni mabaki ya yale yale. Akampa dawa ya maji ya kikohozi na parasetamoli. Asubuhi homa ilishuka, jioni ikapanda tena. Siku ya tatu, kabla ya jua kuchomoza, mtoto akashikwa na degedege, macho yakageuka. Walimbeba mbio. Walipompima damu wakakuta malaria kali, na damu mwilini imepungua mno. Alitiwa damu. Alikaa kitandani siku nyingi. Alipona, lakini waliokuwapo walisema kwamba kama wangalichelewa mpaka mchana, tungalikwenda kumzika.

Nina sehemu yangu katika kosa hilo. Nilimpa mama neno la kumtuliza, wala sikumwambia lina mpaka gani.

Wazazi, lishikeni jambo hili. Malaria haiambukizwi na mwenzake darasani. Huletwa na mbu aumaye usiku, mtoto akiwa amelala kwenu. Mafua hutoka benchini, lakini malaria humngoja kitandani. Kumtoa mtoto shuleni hakumwepushi na mbu huyo hata kidogo. Tena angalieni majira: kwetu mwaka wa shule na mvua za masika hufuatana. Septemba watoto hukusanyika, Oktoba mvua huanza na madimbwi hujaa mabuu ya mbu. Ndiyo maana mafua na malaria huja mlangoni pamoja, na mzazi huita yote kwa jina moja, "homa ya shule". Jina hilo ni la hatari.

Nchi yetu ya Kongo ni ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa watu wanaokufa kwa malaria. Na katika Afrika, karibu watatu katika kila wanne wanaokufa kwa ugonjwa huo ni watoto wasiotimiza miaka mitano, ndio umri wa hawa wa chekechea. Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe hii: kila homa ya mtoto ipimwe damu siku hiyo hiyo, au kesho yake isipite. Tone moja la damu kidoleni latosha, na kwa kipimo cha haraka jibu hutoka kwa dakika 15 hadi 20. Msiseme, "Ana kamasi, basi si malaria." Mtoto aweza kuwa na vyote viwili. Wala msidanganywe na parasetamoli: hushusha moto wa mwili, lakini haimuui mdudu wa malaria.

Na chandarua chenye dawa ni cha kulalia mtoto kila usiku, hata usiku wa baridi, hata mbu wasiposikika. Si wavu wa kuvulia samaki, wala si uzio wa kuku.

DALILI ZISIZONGOJA ASUBUHI

Mzazi si mganga, lakini aweza kuwa mlinzi mwema wa zamu ya usiku. Mpelekeni mtoto hospitali au kituo cha afya mara moja, bila kungoja, mkiona mojawapo la mambo haya: hawezi kunywa wala kunyonya, hutapika kila kitu anachopewa, ameshikwa na degedege, amelegea au haamki vizuri, viganja na midomo vimekuwa vyeupe kwa kupungukiwa na damu, shingo imekauka, au apumua kwa shida.

Juu ya kupumua, kuna hesabu iliyo rahisi. Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunueni kifua, shikeni saa au simu ionyeshayo sekunde, mhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi katika dakika moja ni nyingi kupita kiasi. Kwa mdogo wake asiyetimiza mwaka, mwenye miezi 2 au zaidi, ni 50. Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za namna hiyo huenda ana kichomi, yaani ugonjwa wa mapafu. Na ikiwa nyama iliyo chini ya mbavu yabonyea ndani kila anapovuta pumzi, msingoje hata kupika uji.

KUMTUNZA MGONJWA NYUMBANI

Ikiwa damu imepimwa haina malaria, na mtoto ana kamasi na kikohozi tu, anacheza na kunywa, dawa kubwa ni subira. Mpeni maji, uji na supu mara kwa mara. Futeni pua yake kwa kitambaa safi. Asali kidogo hutuliza kikohozi kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja. Kwa mchanga ni mwiko. Msimweke karibu na moshi wa jiko, maana moshi huumiza mapafu yaliyokwisha kuumia.

Mtoto akiharisha, kinachomwua ni kukauka maji. Mpeni maji yenye chumvi maalumu ya vifurushi, kifurushi kimoja katika lita moja ya maji safi, kama kilivyoandikwa. Msipokipata, tieni katika lita moja ya maji safi vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, na mumnyweshe kidogo kidogo. Tena ombeni vidonge vya zinki. Kwa mtoto aliyepita miezi 6 ni miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Endeleeni kumlisha.

Sasa yale ya kuacha. Acheni kununua sokoni vidonge viwili vitatu vya ampisilini kwa kila kikohozi. Dawa hizo haziui virusi vya mafua, na zitumiwapo ovyo, vijidudu vingine huzizoea, hata siku ya kichomi cha kweli zikashindwa. Acheni kumtia mtoto dawa za mizizi kwa njia ya haja: wengi wamekauka maji na kuungua matumbo kwa ajili hiyo. Na acheni kumnyima chakula mwenye homa.

Baada ya kila ugonjwa, mwongezeeni mtoto mlo mmoja kwa siku kwa muda wa majuma mawili, arudishe uzito alioupoteza. Bukari na chumvi havitoshi kumjenga. Vyakula vya kujenga tunavyo: sombe na mafuta ya mawese, maharagwe, karanga, yai, samaki watokao katika maziwa ya Upemba, embe na papai kwa majira yake. Na asubuhi asitoke nyumbani na tumbo tupu.

CHANJO, NA KUMBUKUMBU YA MWILI

Nimesema kwamba askari wa mwili hukumbuka adui. Surua ni mwizi wa kumbukumbu hiyo. Mwaka 2019 wataalamu waliochunguza damu ya watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa waliona kwamba surua ilifuta sehemu ya kinga zao za zamani, kuanzia 11 hadi 73 kwa kila mia. Mtoto aliyeugua mwaka mzima na kujifunza, surua yaweza kumrudisha darasa la kwanza. Wala tusisahau msiba uliotupata: tangu mwaka 2018 mpaka Agosti 2020, ulipotangazwa mwisho wa mlipuko ule, wagonjwa wa surua katika nchi yetu walipita 300,000, na waliokufa walipita 6,000, wengi wao wakiwa watoto. Na mwaka 2017 polio ilipooza watoto katika Haut-Lomami yetu hii, kwa sababu wengi hawakuwa wamechanjwa.

Basi, kabla ya Septemba, chukueni kadi ya mtoto mkamwonyeshe muuguzi. Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9. Ulizeni na juu ya dozi ya pili. Ulizeni kama amekamilisha chanjo za kichomi, za kifaduro na za polio. Ulizeni juu ya vitamini A, itolewayo kila miezi sita mpaka atimize miaka mitano, pamoja na dawa ya minyoo.

WAKATI WA KUBAKI, WAKATI WA KUJA

Wazazi huniuliza, "Mwalimu, akiwa na kamasi aje?" Ikiwa ana kamasi tu, bila homa, na anacheza, aje. Tukiwafukuza wenye kamasi, tutafundisha kuta. Lakini mwenye homa, mwenye kuharisha au kutapika abaki nyumbani mpaka ipite siku moja au mbili tangu aachwe na hali hiyo. Mwenye surua abaki siku 4 baada ya vipele kutokea. Mwenye tetekuwanga abaki mpaka malengelenge yote yakauke.

Nasi walimu tusinyoshe kidole kwa wazazi tu. Madirisha yafunguliwe. Kila mtoto awe na kikombe chake chenye alama. Ndoo yenye bomba dogo na kipande cha sabuni iwekwe mlangoni, na watoto wanawe kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, tukiwatazama. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba kunawa mikono hupunguza kuharisha kwa karibu theluthi. Ndoo na sabuni hazimshindi mwalimu mkuu yeyote mwenye nia.

Jambo la mwisho. Mtoto wa kawaida huugua mara nyingi, lakini kati ya ugonjwa na ugonjwa hunenepa, hucheza na kukua. Yule asiyekua, akondaye mwezi hata mwezi, apataye kichomi mara kwa mara, avimbaye mikono na miguu au alalamikaye mifupa, mwenye macho ya manjano, au mwenye kikohozi kipitacho majuma mawili, huyo msimfariji kwa neno la "mafua ya shule". Mpelekeni achunguzwe kwa utaratibu. Huenda ana ugonjwa wa damu ambao wengi huuita SS, au kifua kikuu, au ugonjwa mwingine unaohitaji matunzo ya muda mrefu. Na wajuao mapema huishi vema zaidi.

Yule mama alirudi Januari, amemshika mtoto mkono. Mtoto amekonda, lakini anacheka. Safari hii mama aliketi, nami kengele niliiacha ilie. Nilimweleza yote niliyoyaandika hapa. Alisikiliza, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo, baba mwalimu, mafua nivumilie, na homa niipime?"

Nikamjibu, "Ndivyo, mama." Naona alilisema kwa maneno machache kuliko mimi.

Mwezi wa Februari mtoto alipata mafua tena, na Machi akapata tena. Mara mbili alipelekwa kupimwa damu. Mara ya kwanza hapakuonekana kitu, mara ya pili malaria ilionekana siku ile ile homa ilipoanza, akapewa dawa, na baada ya siku tano alikuwa benchini pake. Mwaka uliofuata aliugua mara chache. Askari wake walikuwa wamejifunza, na mama yake vilevile.